Maneno Yanamezwa na Milipuko: Historia Fupi ya Sauti ya Filamu Nyumbani

Vijana wenzangu, leo tuongee historia ya kitu kinachotusumbua karibu kila jioni. Filamu inaanza, watu wananong'ona, unapandisha sauti mpaka mwisho. Dakika moja baadaye bomu linalipuka, mtoto anaamka, jirani anagonga ukuta. Unashusha. Wanaanza tena kunong'ona! Huku Nyakabanda, ambako wengi tunapanga vyumba vilivyopakana ukuta kwa ukuta, hilo si jambo dogo. Tena kwa sisi tunaojifunza Kinyarwanda au Kiingereza kwa kuangalia filamu, neno lililomezwa ni neno ambalo hatujajifunza.

Wengi wanasema tivi ni mbovu. Kumbe tatizo lina historia yake.

Mikanda ya VHS ilitoka Japani mwaka 1976. Mwanzoni sauti yake iliandikwa kwenye kistari chembamba pembeni mwa mkanda, na nyuma yake kulikuwa na mvumo wa shhh usioisha. Sauti ndogo sana ingezama kwenye mvumo huo, na kubwa sana ingekwaruza. Kwa hiyo tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko haikuweza kuwa kubwa mno. Sauti haikuwa nzuri, ila maneno ulikuwa unayapata.

Halafu ikaja DVD, Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997. Ilileta nyumbani mfumo wa Dolby Digital, ambao kumbi za sinema ziliupata mwaka 1992 kwa filamu ya Batman Returns. Mfumo huo una njia sita za sauti: kushoto, katikati, kulia, mbili za pembeni au nyuma, na moja ya besi. Maneno ya waigizaji kwa kawaida hupita njia ya katikati, ambayo kwenye ukumbi ina bafle yake peke yake. Mafundi wanaipanga sauti hiyo wakiwa kwenye chumba kikubwa na kimya.

Sasa leta filamu hiyo kwenye tivi yenye bafle mbili ndogo zinazotazama chini au ukutani. Mashine inalazimika kukusanya njia zote na kuzibana ziwe mbili. Maneno yanagawanywa kushoto na kulia, halafu muziki, magari na risasi vinapita kwenye bafle hizohizo. Na desibeli si hesabu ya kujumlisha tu: zikipanda 10, nguvu ya sauti inakuwa mara 10, na sikio linaisikia kama imeongezeka karibu mara mbili. Ndiyo maana ukipandisha ili usikie mnong'ono, mlipuko unakuja kama umebomoa mlango.

Afrika Mashariki ilikuwa na jibu lake, na ni la zamani. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa wakoloni Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri huko Tanganyika, ulizungusha filamu vijijini pamoja na santuri zenye maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine. Picha huku, sauti kule. Miaka mingi baadaye, kwenye vibanda vya video, watu wetu wenyewe walishika maikrofoni: Lufufu Dar es Salaam, VJ Jingo Kampala, DJ Afro Kenya. Hapa Rwanda tunaita agasobanuye, na nani hajasikia sauti ya Yanga, aliyefariki 2022, au ya Junior Giti na Rocky Kimomo?

Sikiliza namna wanavyofanya. Msimulizi akiongea, sauti ya filamu inashuka. Akinyamaza, inapanda. Redio nazo zinafanya hivyo hivyo mtangazaji anapoongea juu ya muziki. Kwa ufundi huo, mtu asiyejua Kiingereza, au asiyeweza kusoma maandishi ya chini, anafuata hadithi yote bila kushika telekomande.

Lakini kuna gharama. Mwigizaji naye anashushwa. Analia, na sisi tunasikia utani wa msimulizi. Maneno tunayapata vizuri, ila yanatoka mdomo mwingine.

Wakimbizi tunalijua hilo nje ya filamu pia. Wangapi kati yetu wamewahi kueleza maisha yao kupitia mkalimani, wakaona maneno marefu yanageuka sentensi moja? Na siku hizi tunarekodiwa sana. Mama kutoka Kivu anaongea polepole, kwa sauti ya chini kwa sababu jambo lenyewe ni zito, halafu video ikitoka, piano na ngoma za huzuni zimepanda juu yake. Watu wanaona machozi, hawasikii alichosema. Bora hata agasobanuye, maana msimulizi anashusha muziki ili mtu aeleweke.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, na sisi wenyewe tunaotengeneza video kwa simu, tuanze na mambo rahisi. Maikrofoni iwe karibu na mdomo. Mtu akiongea, muziki ushuke kabisa, au usiwepo. Kabla ya kutuma, isikilize video kwa bafle ya simu ya kawaida, mahali penye kelele kidogo, kwa sababu ndivyo wengi watakavyoisikiliza. Kama neno moja la mama huyo halisikiki, rudi ukarekebishe.

Na nyumbani, tafuta kwenye mipangilio ya tivi yako kama kuna hali ya usiku au ya kukuza maneno. Inashusha milipuko na kuinua minong'ono. Mtoto atalala, jirani atakusalimia asubuhi, na wewe utapata neno lako jipya.