Baba alikuja na jahazi, mama alikuwepo: Ushirazi wetu na ushahidi wa mifupa



Kijana akija kuposa visiwani kwetu, wazee hawaanzi na kazi yake wala mshahara wake. Wanauliza kwanza: "Huyu mtoto wa nani?" Jibu hutoka kwa majina ya wanaume: fulani bin fulani bin fulani, mpaka msemaji aishiwe na pumzi. Na katika aila nyingi, mwisho wa majina hayo kuna neno moja: Mshirazi.

Neno hili limebishaniwa sana. Wenye nalo wanasema babu zao walitoka Shiraz, mji wa Uajemi, yaani Iran ya leo. Wengine wakawacheka: hayo ni maringo tu, nani asiyetaka kutoka mbali? Wazungu wa enzi ya ukoloni nao wakalichukua kwa faida yao. Walipoona misikiti ya mawe na makaburi ya nguzo wakasema haya hayakujengwa na Mwafrika, yamejengwa na wageni. Baada ya uhuru wanahistoria wengi walilikataa hilo, na baadhi yao wakaitupa na hadithi ya Washirazi pamoja nalo.

Mwezi wa Machi 2023 ushahidi mpya ulitoka katika jarida la Nature. Wataalamu, miongoni mwao Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia kutoka Kenya, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, walisoma vinasaba vya watu 80 wa kale. Watu hao walizikwa baina ya mwaka 1250 na 1800 hivi, katika miji sita ya pwani na mji mmoja wa bara. Miji ya pwani tunaijua: Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi.

Kabla ya kukwambia walichokiona, tufahamiane kidogo kuhusu vinasaba. Mwanamume ana kromosomu iitwayo Y, ambayo anaipata kwa baba yake tu. Baba aliipata kwa babu, na babu kwa baba yake. Inashuka kwa wanaume peke yao, karibu bila kubadilika. Lakini kila baada ya vizazi kadhaa hutokea kosa dogo katika kunakiliwa, na kosa hilo linarithiwa na wote wanaofuata. Wataalamu wanayafuata makosa hayo kama mtu anavyofuata nyayo mchangani, na hivyo wanajua ukoo huu wa kiume umetokea upande gani wa dunia. Sisi wanawake hatuna Y. Tukitaka kuujua ukoo wa baba kwa njia hii, lazima kipimwe kinasaba cha kaka au cha baba mwenyewe.

Lakini ipo DNA nyengine, ya mitokondria, ambayo kila mtoto, wa kike na wa kiume, anaipata kwa mama yake. Hii inashuka kutoka kwa mama, kwa bibi mzaa mama, mpaka kwa mabibi tusiowajua majina. Ukizisoma zote mbili katika mfupa mmoja, unajua baba alitoka wapi na mama alitoka wapi.

Basi katika mifupa ya miji ile ya pwani, Y za wanaume wengi zilikuwa za Asia ya Magharibi. DNA ya upande wa mama, kwa karibu wote, ilikuwa ya Afrika. Na katika ule urithi wa Asia, asilimia 80 hadi 90 ulitokana na wanaume wa Kiajemi; sehemu iliyobaki ilihusiana na Bara Hindi. Kuchanganyika kulianza kiasi cha mwaka 1000, wakati Uislamu ulipokuwa ukienea pwani. Baada ya mwaka 1500 urithi wa Kiarabu ndio ulioanza kuongezeka.

Kwa hiyo wazee wetu hawakusema uongo. Babu Mwajemi alikuwepo. Lakini mifupa ile ile inasema zaidi: kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya urithi wote ulikuwa wa Afrika, na uliletwa hasa na wanawake.

Na wanawake hao hawakuwa wakikaa porini wakingojea jahazi. Huko Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba akakuta msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, chini ya misikiti mengine iliyojengwa juu yake kizazi baada ya kizazi. Mji ulikuwepo na ibada ilikuwepo, tena kabla ya mwaka 1000. Hata tarehe ya Kilwa yenyewe, iliyoandikwa kwa Kiarabu, inasema wageni kutoka Shiraz walipofika walimkuta Mwislamu na watoto wake, na msikiti umeshajengwa. Kisiwa walikinunua kwa nguo kutoka kwa mtawala wa hapo.

Katika masimulizi ya Kilwa yaliyochapishwa na Mreno João de Barros mwaka 1552, Ali wa Shiraz aliondoka kwao kwa sababu ndugu zake walimdharau. Walimdharau kwa nini? Kwa sababu mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, na mama zao wao walikuwa Waajemi wa ukoo mkubwa. Soma tena hapo, dada yangu. Ile hadithi tunayoitumia kujivunia ubaba, safari yake inaanza na mama Mwafrika aliyedharauliwa.

Mgeni alioa, na watoto wake wakasema lugha ya mama. Kiswahili kina maneno mengi ya Kiarabu na ya Kiajemi, lakini sarufi yake ni ya Kibantu: mtu, watu, kiti, viti. Lugha hiyo watoto waliinyonya pamoja na maziwa. Nyumba pia. Lamu mpaka leo wapo wanaompa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Ngazidja kuna mali ya manyahuli, inayopita kwa wanawake kutoka mama kwenda kwa binti.

Tusizidishe pia. Waliopimwa wengi walizikwa karibu na misikiti au katika makaburi ya wenye hadhi. Mvuvi, mkulima na mtumwa wa zama zile hawamo humo kwa wingi. Na Y ni uzi mmoja tu. Ukirudi nyuma vizazi kumi una nafasi 1,024 za wazee. Y inakwambia habari za mmoja, mitokondria inakwambia habari za mmoja, na 1,022 waliobaki nao ni wako.

Sisemi tuiache nasabu ya baba. Dini yetu imetuamrisha watoto waitwe kwa baba zao, na amri hiyo inalinda haki zao. Lakini dini hiyo hiyo inatufundisha kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu ni mcha Mungu. Nabii Isa, amani iwe juu yake, tunamwita mwana wa Maryam. Na kila anayehiji anakwenda mbio baina ya Safa na Marwa kwa kufuata nyayo za Bibi Hajar, mwanamke aliyetoka Misri, barani Afrika, mama wa Nabii Ismail.

Nina ombi moja kwenu. Mimi nilijaribu kuhesabu majina ya baba zangu nikafika saba. Upande wa mama, mama mzaa mama, nikakwama kwenye la tatu. Nilimpigia simu bibi yangu, akanyamaza kidogo, kisha akanipa mengine mawili. Baada ya hapo na yeye hakujua. Ijumaa hii, ukenda kumwamkia bibi yako, chukua daftari. Muulize: mama yako aliitwa nani, na mama yake je? Andika kabla hajaondoka nayo. Kisha waombee dua wote, uwajuao na usiowajua.

Wassalaam.