Sungura kibete alitoka wapi, na je, umpandishe?

Leo tuwaweke kando kuku na mbuzi, tumzungumzie mnyama mdogo anayezidi kuonekana kwenye nyumba za mijini: sungura kibete. Ni yule mwenye kichwa cha mviringo, uso mfupi kama wa mtoto mchanga, masikio mafupi yaliyosimama, na mwili unaoenea kwenye viganja viwili. Huenda ulimnunulia mwanao akiwa na miezi miwili, sasa amekua, jirani ana dume, na watoto nyumbani wanauliza kila siku lini atazaa.

Ungeniuliza kuhusu sungura wa nyama ningekujibu kwa sentensi mbili. Kwa kibete nakuomba usikie kwanza historia yake, maana jibu limo humo. Mimi mwenyewe niliichelewa. Mama mmoja aliwahi kuniletea boksi la viatu lenye watoto wawili wa sungura waliokufa, wadogo kuliko wenzao, vichwa vikubwa, masikio kama punje za mchele. Nilimwambia ni baridi, aongeze nyasi kavu kwenye sanduku la kuzalia. Akaongeza. Uzao uliofuata akafa mwingine wa sura ileile. Haikuwa baridi, na yule mama hakuwa na kosa lolote katika utunzaji wake.

Tuanzie mbali kidogo. Sungura wote wa kufugwa, mkubwa kwa mdogo, ni uzao wa sungura mwitu wa Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Sisi neno "sungura" tunalitumia kwa wanyama wawili tofauti. Yule wa hadithi, mjanja anayemzidi fisi akili, ni wa pori letu: hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho yakiwa wazi. Wa kufugwa alikuja na Wazungu. Watoto wake huzaliwa uchi na macho yamefumba, kama panya wachanga. Wawili hawa hawazaliani, kwa hiyo anayekuambia kibete wake amechanganywa na sungura wa pori la Dodoma anakuuzia hadithi nyingine.

Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na watu wengi waliopenda kufuga wanyama kwa ajili ya maonyesho, kama sisi tunavyopenda mashindano ya mpira. Miongoni mwa sungura wao alikuwapo mweupe mdogo aliyeitwa Polish, ingawa hana uhusiano wowote unaojulikana na Poland. Miaka ya 1880 tayari alikuwa akioneshwa. Akavuka kwenda Ujerumani, wakamwita Hermelin, wakaendelea kumchagua awe mfupi zaidi na wa mviringo zaidi. Lakini alibaki mweupe tu, macho mekundu au ya bluu.

Uholanzi, kati ya vita viwili vya dunia, wafugaji walitaka rangi. Anayetajwa zaidi ni Jan Meyering, aliyewapandisha hao weupe wadogo na sungura mwitu wadogo wa kwao, kisha akachagua kizazi baada ya kizazi. (Sungura mwitu wa Ulaya na wa kufugwa ni jamii moja, ndiyo maana waliweza kuzaa.) Mwaka 1940 mbegu hiyo ikakubaliwa rasmi nchini humo. Mwezi Mei mwaka huohuo majeshi ya Ujerumani yakaivamia nchi.

Ukiwa mfugaji utaelewa kilichofuata bila kuelezwa sana. Vita ikikaza, chakula cha mifugo hakuna, na mnyama asiyetoa nyama ya kutosha ndiye wa kwanza kuondoka bandani. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 magharibi mwa Uholanzi yalikuwa ya njaa kali, watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu. Wapenzi wa mbegu hii husimulia kwamba baada ya vita walipatikana vibete 17 tu waliofaa kuzalishwa. Mwaka 1948 wachache walipelekwa Uingereza, mwaka 1950 wakatambuliwa huko, na mwaka 1969 Marekani nayo ikawatambua. Vibete wa mwanzo, inaelezwa, walikuwa waoga na wenye hasira, damu ya mwituni bado ikichemka. Huyu mpole anayelala mapajani mwa mwanao ni kazi ya miaka mingi ya kuchagua.

Sasa tuje kwenye lile boksi la viatu.

Miaka ya 1930, Meyering akiwa bado anachagua, watafiti wa Marekani, akiwamo Harry Greene, walikuwa wakiwachunguza sungura wa aina ya Polish. Waliona kwamba katika baadhi ya nyumba za sungura huzaliwa watoto wadogo mno, kama theluthi ya ukubwa wa kawaida, ambao hawaishi. Wakaonesha kwamba jambo hilo linarithiwa. Mwaka 2017 kundi la watafiti lililoongozwa na Miguel Carneiro wa Ureno likaipata sababu yenyewe: kipande kimepotea kwenye jeni iitwayo HMGA2, ambayo kazi yake mojawapo ni kuongoza ukuaji wa mwili.

Ielewe hivi. Kila sungura ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala mbili nzima ni sungura wa ukubwa wa kawaida kwa ukoo wake. Mwenye moja nzima na moja pungufu ndiye kibete, yule unayempenda. Mwenye mbili pungufu ni yule wa kwenye boksi: huzaliwa akiwa hai, hunyonya kidogo au hanyonyi kabisa, na hufa ndani ya siku chache. Hakuna maziwa, taa ya joto wala dawa itakayomwokoa.

Kwa hiyo ukimpandisha kibete na kibete, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kufa, mbili kati ya nne ya kuwa kibete, na moja kati ya nne ya kukua kuwazidi wazazi wake. Hizo ni nafasi tu. Uzao mmoja unaweza kutoka bila kifo, unaofuata wakafa wawili kati ya watatu.

Hapo ndipo historia inaponishangaza. Wewe na mimi tumezoea kwamba ukichagua vizuri, mbegu hutulia. Chagua jogoo wakubwa kizazi baada ya kizazi na vifaranga watakuwa wakubwa. Kibete hawezi kutulia. Yule aliyependwa na majaji tangu mwanzo ni nusu kwa nusu, na nusu kwa nusu akikutana na mwenzake lazima robo ya mimba iwe ya kupotea. Watu wa maonyesho walikubali gharama hiyo, wengine bila kuijua. Swali lako ni kama wewe nawe unaikubali, mbele ya mtoto wako atakayefungua kizimba asubuhi.

Kuna njia ya kuikwepa. Wafugaji wazoefu huchukua jike wa ukoo huohuo wa vibete lakini mwenye nakala mbili nzima, yaani yule aliyetoka mkubwa na masikio marefu kidogo, asiyefaa maonyesho. Humpandisha na dume kibete. Nusu ya watoto huwa vibete, nusu wa kawaida, na jeni hiyo haimuui yeyote. Jike huyo pia ana nyonga pana zaidi. Lakini usigeuze mambo: usimpeleke jike kibete wa kilo moja kwa dume la nyama la kilo nne. Mtoto atakwama njiani, na utampoteza mama pamoja na uzao. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa sababu dume la jirani ndilo lililokuwepo.

Mambo mengine mawili yametokana na uchaguzi uleule wa miaka mia moja. La kwanza ni meno. Ukifupisha uso, taya la juu na la chini huweza kutolingana, na meno ya sungura hayaachi kukua. Ya mbele huongezeka kama milimita mbili kwa wiki. Yasipokutana hayasagiki, huota yakapinda hadi mnyama ashindwe kula. Mfungue midomo wako leo umtazame. Ya juu yanatakiwa kufunika ya chini kwa mbele kidogo. Kama hayafuniki, mjadala wa kumpandisha umeisha, kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa. Usiyakate kwa kikata kucha, jino hupasuka hadi kwenye mzizi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

La pili ni udugu. Mbegu iliyopita kwenye mlango mwembamba kama ule wa vita inahitaji uangalifu, na huku kwetu mlango ni mwembamba zaidi. Kama wewe na jirani mlinunua kwa muuzaji mmoja, kuna uwezekano mkubwa dume na jike ni ndugu wa tumbo moja. Uliza kabla.

Halafu soko. Ukumbuke wimbi la sungura lililopita Kenya miaka ya 2010, watu wakaambiwa nyama na mkojo wa sungura vitanunuliwa vyote, na wengi wakabaki na mabanda yaliyojaa. Kibete hana hata njia hiyo ya kutokea: nyama yake haijazi sufuria. Anayenunua ni mzazi mwenye fedha ya ziada, na hao ni wachache, tena hununua mara moja. Kabla hujapandisha, andika kwenye karatasi majina ya watu watatu waliokuambia wazi kwamba watamchukua mtoto mmoja mmoja. Jike kibete huzaa wawili hadi wanne, kwa hiyo watatu mara nyingi wanatosha. Ukishindwa kupata majina hayo, umeshapata jibu.

Ushauri wangu kwa mwenye kibete mmoja wa nyumbani ni kumwacha. Hahitaji kuzaa hata mara moja ili awe na afya, ingawa utaambiwa hivyo sokoni. Ni kweli kwamba majike wakizeeka hupata sana saratani ya mfuko wa uzazi, lakini kuzaa si dawa ya hilo. Kinachosaidia ni upasuaji wa kuuondoa mfuko huo. Kabla ya kumkabidhi kwa daktari, muulize kama amewahi kumlaza sungura usingizi. Akikuambia umnyime chakula usiku kucha kama mbwa, tafuta mwingine, kwa kuwa sungura hatapiki, na tumbo lake likikaa tupu husimama.

Mpe nyasi kavu muda wote, majani kidogo, karoti kwa nadra kama pipi. Kwa mliopo Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, joto ndilo adui mkubwa: kuanzia nyuzi 30 anaanza kuteseka. Weka chupa ya maji iliyogandishwa ndani ya kizimba mchana, ataiegemea mwenyewe. Akitunzwa hivyo anaweza kufika miaka minane hadi kumi, yaani mwanao anaweza kumaliza shule ya msingi bado yupo.

Na kama unasoma haya dume tayari aliingia jana, usimlaumu mtoto aliyeacha mlango wazi. Jike la sungura hutoa mayai baada ya kupandwa, kwa hiyo mara moja inatosha. Watenganishe leo, kwani akizaa dume akiwa karibu anaweza kushika mimba nyingine siku hiyohiyo. Hesabu siku 31 kwenye kalenda, na siku ya 28 mwekee sanduku lenye nyasi kavu. Atanyofoa manyoya ya kifuani kutandika, ni kawaida. Akishazaa, chungulia mara moja kwa siku. Mama hunyonyesha mara moja tu kwa dakika chache, mara nyingi usiku, kwa hiyo usidhani amewatelekeza. Tazama matumbo yao, yaliyojaa huwa ya mviringo na yamevutika. Ukimkuta mdogo mwenye kichwa kikubwa na masikio kama punje za mchele, sasa unamjua. Akifa mtoe mapema, watoto wakiwa bado wamelala.