FITINA: NENO LILILOTOKA KWENYE MOTO WA SONARA



Ndugu zangu katika imani, ipo aya moja inayozungushwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni Suratul Baqara, aya ya 191, pale Allah (SW) anapotujulisha kuwa fitna ni nzito kuliko kuua. Anayeituma huwa ana mtu wake kichwani: jirani mmbea, wifi mwenye maneno, mfanyakazi mwenzake anayepeleka habari kwa bosi. Na wanaoisoma wanaelewa hivyo hivyo, kwamba mchongezi ni mbaya kuliko muuaji.

Sasa tulifuate neno lenyewe mpaka lilikotoka.

Kwa Kiswahili chetu fitina ni maneno ya kugombanisha watu, na mwenye kazi hiyo tunamwita mfitini au fatani. Yote haya ni Kiarabu. Lakini Mwarabu wa zamani alipolisikia neno hili hakufikiria umbea, alifikiria moto. Al-Azhari, mwanachuoni mkubwa wa lugha aliyefariki mwaka 370 Hijria, anaeleza kuwa asili yake ni kuyeyusha dhahabu au fedha motoni ili safi ijitenge na takataka. Kutokana na hapo likapata maana ya kujaribiwa, kutiwa kwenye mtihani. Na katika Lisaanul Arab ya Ibn Mandhur utakuta kwamba sonara naye aliitwa fattaan. Ndiyo, fatani! Fundi wa watu ameketi na makaa yake, hajamsema mtu.

Qur'ani imelitumia neno hili kwa maana hizo. Suratul Anfal aya ya 28, mali zetu na watoto wetu ni fitna. Hakuna anayeelewa hapo kwamba watoto wetu ni wachonganishi (ingawa wengine wanajitahidi). Maana yake ni mtihani. Suratudh Dhariyat aya ya 13, neno linarudi kwenye moto wenyewe, watu wakiadhibiwa ndani yake. Suratul Buruj aya ya 10 inawazungumzia waliowafanyia fitna waumini wanaume na wanawake, na kisa kilichotangulia hapo ni cha watu waliochomwa katika mahandaki ya moto kwa sababu ya imani yao tu.

Hiyo ndiyo njia ya kuielewa aya yetu ya Baqara. Waliokuwa wakizungumzwa ni washirikina wa Makka, ambao kwa miaka waliwatesa Waislamu ili waiache dini, kisha wakawatoa majumbani mwao. Bilal alilazwa juu ya mchanga wa moto. Sumayya aliuawa. Khabbab bin Al-Aratt, aliyekuwa mhunzi, mgongo wake ulichomwa kwa makaa. Imamu At-Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria, amepokea kutoka kwa Mujahid tafsiri hii: muumini kurudishwa kwenye masanamu ni kuzito zaidi kwake kuliko kuuawa. Fitna ya aya ile ni hiyo. Kauli kama hiyo imekuja tena katika aya ya 217, baada ya kikosi cha Abdullah bin Jahsh kumuua mtu pale Nakhla ndani ya mwezi mtukufu wa Rajab. Maquraysh wakapiga kelele kuhusu damu ile, na Qur'ani ikawakumbusha yale waliyowafanyia waumini wao wenyewe.

Iko hadithi nyingine ambayo ukiitafsiri kwa fitina yetu ya Kiswahili utaharibu kila kitu. Muadh bin Jabal (RA) aliwasalisha watu wake Isha akafungua Suratul Baqara. Mtu mmoja aliyechoka na kazi za mchana akajitoa, akasali peke yake. Habari zilipomfikia Mtume (SAW) akamuuliza Muadh: wewe ni fattaan? Muadh hakuwa amemsengenya mtu. Alikuwa anawatia watu kwenye mtihani mpaka waikimbie swala ya jamaa. Akaelekezwa asome sura fupi. Sisi maimamu tunaijua hadithi hiyo, na maamuma wanaijua zaidi.

Lakini ni kweli pia kwamba neno lilishaanza kusafiri mapema. Umar (RA) aliwauliza masahaba kuhusu fitna, Hudhayfa akaanza kumweleza mitihani ya mtu katika familia yake, mali yake na jirani yake. Umar akamwambia hakuuliza hiyo, anauliza ile inayopiga kama mawimbi ya bahari. Hudhayfa akamjibu kuwa kati yako na hiyo kuna mlango uliofungwa, nao utavunjwa. Mlango ulikuwa Umar mwenyewe, akauawa mwaka 23 Hijria. Mwaka 35 akauawa Uthman (RA), zikafuata Jamal na Siffin, Waislamu kwa Waislamu. Wanahistoria wakaiita Fitna Kubwa. Kutoka ugomvi wa umma mpaka maneno yanayoleta ugomvi, hatua ni moja tu, na kwa maoni yangu ndiyo hatua iliyopigwa hapa kwetu.

Kwa nini nalishughulikia hili? Kwa sababu nimeona linavyotumika. Muumini anasimama msikitini, kwa adabu, anauliza hesabu za michango ya paa. Anaambiwa akae chini, analeta fitina, na fitina ni mbaya kuliko kuua. Mwanamke anaeleza kwamba mumewe anampiga, anasomewa aya hiyo hiyo. Aya iliyoshuka kuwatetea wanaoteswa inageuzwa kitambaa cha kuziba mdomo wa anayeteswa.

Asiseme mtu kwamba sheikh kahalalisha uchonganishi. Kiarabu kina neno lake kwa kupeleka maneno ili kuharibu: namima. Na Hudhayfa huyu huyu ndiye aliyepokea kwa Mtume (SAW), katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye namima haingii Peponi. Nayo ghiba ina aya yake, Suratul Hujurat aya ya 12, inayoifananisha na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Dalili hizo zinatosha, hazihitaji kuazima nyingine.

Wiki ijayo inshaAllah tutaliangalia neno tajiri, ambalo kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu, hata awe muuza mchicha asiye na akiba.

Wallahu aalam.