Mpangilio wa onyesho: kinachosema kabla ya mwigizaji

Tuchukue sini moja ya kubuni, ipigwe Nyahanga, pale Kahama mjini. Kijana amerudi usiku kutoka machimboni. Mkewe anamfungulia mlango. Kijana anaingia, anakaa, anasema: "Nimepata." Hana neno jingine.

Mwongozaji wa kwanza anamkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya balbu. Buti zake zimeganda tope, mkewe amechutama anamfungua kamba, mtoto kalala mkekani nyuma yao. Hapo "nimepata" ni habari njema: ada ya shule, bati za nyumba, deni la dukani. Mwongozaji wa pili anaacha neno lile lile na sauti ile ile. Lakini buti ni mpya, balbu imezimwa, mwanga pekee ni wa simu unaommulika kijana kidevuni. Mke amebaki mlangoni, mkono haujaachia kitasa. Mezani, kati yao, kuna mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Sasa "nimepata" inatia hofu. Amepata wapi? Mbona hajachafuka?

Mazungumzo hayakuguswa. Vilivyobadilika ni vitu, mavazi, mwanga na umbali kati ya watu wawili. Jumla ya hayo, pamoja na jinsi waigizaji wanavyosimama na kusogea, ndiyo Wafaransa wanaiita mise-en-scène, maana yake kuweka jukwaani. Istilahi ilizaliwa kwenye tamthilia, ikahamia kwenye sinema, na waliosaidia sana kuieneza ni wahakiki wa jarida la Cahiers du cinéma, lililoanzishwa Paris mwaka 1951. Walikuwa na sababu nzuri. Waongozaji wengi wa Hollywood walipewa hadithi na kampuni, hawakuichagua wenyewe. Kwa hiyo mhakiki aliyetaka kuona mkono wa mwongozaji alipaswa kuangalia alivyopanga chumba, taa na watu, si maneno waliyotamka. Ushahidi ulikuwepo tangu zamani. Katika filamu ya Kijerumani Das Cabinet des Dr. Caligari, ya mwaka 1920, hata vivuli vilichorwa kwa rangi ukutani na sakafuni, kuta zikapindwa, ili mtazamaji auone ulimwengu kama unavyoonekana na akili iliyovurugika.

Kwa Kiswahili tuna vipande vya dhana hii tayari, tena vizuri. Wanafunzi wa fasihi wanajua mandhari, yaani mahali na wakati wa tukio. Watu wa tamthilia wana maleba, mavazi ya mwigizaji. Tatizo ni kwamba makala nyingi za filamu huchukua neno mandhari na kulibebesha mzigo wote, na hapo uchambuzi unapungua. Mandhari ya sini zetu mbili ni yale yale: nyumba moja, usiku mmoja, Nyahanga ile ile. Mwenye neno hilo peke yake hawezi kueleza kwa nini moja inafariji na nyingine inatisha.

Wengine wanaitohoa tu istilahi ya Kifaransa na kuandika mizanseni. Sina ugomvi na utohozi, kamera na fremu tumevipokea kwa mikono miwili, ila mizanseni haimwambii msomaji chochote mpaka afafanuliwe. Mimi nasimama na mpangilio wa onyesho. Onyesho ni neno ambalo waandishi wetu wa tamthilia hulitumia kugawa mchezo, na kwenye seti ya filamu ndilo watu wanaloliita sini. Kitenzi kupanga nacho kinatupa faida ambayo Kifaransa hakina: upangaji ni kazi anayoifanya mwongozaji na timu yake kabla kamera haijawashwa, mpangilio ni kile mtazamaji anachokikuta kwenye fremu. Neno moja la Kifaransa limebeba vyote viwili. Sauti na uhariri havimo katika mpangilio huu.

Istilahi hii ikiingia mkononi, inatusaidia kusema kwa usahihi lile tunalolalamikia siku zote kuhusu Bongo Muvi, filamu zetu za Tanzania. Mwigizaji Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga mwaka 1984, aliyefariki Dar es Salaam Aprili 2012, aliongoza kizazi kilichotuzoesha sebule: sofa kubwa, luninga, geti, gari linaingia. Sebule ile ilikuwa na maana. Ilisema mtu huyu amefika, na kijana wa mkoani aliielewa papo hapo. Kasoro ilikuja pale nyumba ya kuazima ilipotumika kwa kila mhusika, hata anayelia njaa akawa analilia kwenye sofa la ngozi. Tunasema "haina uhalisia". Kwa usahihi zaidi, mpangilio wa onyesho unapingana na mazungumzo, na hakuna aliyekusudia upingane.

Mfano wa kinyume ni White Shadow ya Noaz Deshe, iliyotuzwa kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 2013 kama filamu ya kwanza ya mwongozaji. Inahusu Alias, kijana mwenye ualbino aliyeshuhudia baba yake akiuawa, ukatili uleule uliotesa Kanda ya Ziwa na Shinyanga yetu. Mama anampeleka mjini kwa mjomba Kosmos, anayeigizwa na James Gayo, mchoraji wa katuni za Kingo. Huko anauza miwani ya jua, DVD na simu. Miwani ya jua! Mtoto ambaye macho yake yanaumizwa na mwanga anawauzia wengine kinga anayoihitaji kuliko wote. Hakuna haja ya mtu kusimama na kulieleza hilo. Bidhaa iliyo mkononi imeshasema.

Mtu wa kanda ya dhahabu atakayepiga filamu ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji, atakutana na jambo ambalo vitabu vya sinema havilitilii uzito. Kule chini, katikati ya matimba, magogo yanayoshikilia kuta za shimo, taa haiwekwi na fundi wa mwanga. Mchimbaji ameivaa kichwani. Akigeuza shingo, ukuta mmoja unazaliwa na mwingine unakufa; akimtazama mwenzake, anampofusha; akiinama kwenye mwamba, sisi watazamaji tunaachwa gizani naye hajui. Je, tochi ile tuiite maleba, mwanga, au uigizaji? Ni vyote vitatu kwa wakati mmoja. Mhakiki anayeorodhesha kila kimoja kwenye aya yake atakwama hapo, wakati anayesoma mpangilio kama kitu kimoja ana pa kuanzia: aulize nani kavaa mwanga, na anauelekeza wapi.