Mfugaji Mwenye Soko Moja

Juma hili twawaalika kutafakari vita vilivyopiganwa kwa lango la forodha. Wanahistoria huviita Vita vya Nguruwe, navyo vilianza mwaka 1906.

Serbia ya wakati ule ilikuwa nchi ndogo ya wakulima, isiyo na bahari. Nguruwe walikuwa utajiri wake. Hata Karađorđe, aliyeongoza maasi dhidi ya Waturuki mwaka 1804, alikuwa mfanyabiashara wa nguruwe. Lakini tangu mkataba wa mwaka 1881, sehemu kubwa kabisa ya mauzo yake ya nje ilikwenda kwa jirani mmoja tu, Austria-Hungaria.

Mwaka 1905 Serbia ilifanya mapatano ya forodha na Bulgaria, kisha ikaelekea kununua mizinga Ufaransa badala ya Austria. Vienna ikakasirika, ikaufunga mpaka kwa mifugo ya Serbia. Wenye mashamba makubwa wa Hungaria hawakuhuzunika, kwa maana nyama ya bei nafuu kutoka kwa jirani iliwapunguzia faida.

Hapa yatupasa kumfikiria mfugaji mwenyewe. Mahindi yaliyokauka vizuri huweza kungoja ghalani hadi bei ipande. Nguruwe aliyenona hangoji: kila siku anakula, na kila siku faida inapungua. Mwenye kushika ufunguo wa mpaka analijua hilo, wala hahitaji kutamka bei. Kuchelewesha tu kwatosha.

Serbia haikupiga magoti. Iliongeza machinjio ili kuuza nyama badala ya nguruwe hai, ikatafuta wanunuzi wapya Ujerumani na kwingineko, na kuipitisha bidhaa yake katika bandari ya Thessaloniki, iliyokuwa bado chini ya dola ya Waturuki. Mkataba mpya wa biashara ulipopatikana mwaka 1910, Serbia haikuwa tena mateka wa mnunuzi mmoja. Hata hivyo uchungu ulibaki, ukazidishwa na Austria-Hungaria kuitwaa Bosnia mwaka 1908. Na mwaka 1914 majirani hao wawili waliingia katika vita vya bunduki.

Je, tuseme basi kwamba kila zuio ni hila? Hasha. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haina tiba, na karantini huokoa mazizi ya wengi. Zuio la haki hufuata ugonjwa, nalo huondolewa ugonjwa ukiisha. Zuio la hila hufuata ugomvi wa wakubwa, nalo hudumu hadi mnyonge akubali masharti.

Sisi wenye mazizi madogo na tujiulize: mnunuzi wetu asipokuja kesho, tuna mlango gani mwingine wa kubisha? Heri kuutafuta mapema, nguruwe wangali wadogo.