Mvua ya Ziwa na Migongo ya Buhaya

Anayeamka alfajiri Ijuganyondo, katika mji wa Bukoba, hahitaji kuambiwa mvua hutoka wapi. Hutoka mashariki, ziwani. Huanza kwa radi za mbali kabla ya jua kuchomoza, kisha wingu jeusi huufunga upeo wa maji, na mara matone hupiga majani ya migomba. Mara nyingi, ifikapo adhuhuri, mbingu imekwisha takata. Wazee wa Buhaya walimjua Mugasha kuwa bwana wa ziwa na dhoruba, nasi twaona kwamba walioiweka enzi ya mvua majini walikuwa wameitazama nchi yao sawasawa.

Elimu ya hali ya hewa yaeleza hivi. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Pepo baridi huteremka kutoka pande zote za Ziwa Viktoria, zikakutana juu ya maji, zikaiinua hewa yenye unyevu, na mawingu ya radi yakajengeka. Pepo za kutoka mashariki huyasukuma mawingu hayo hata yakaifikia pwani ya magharibi asubuhi. Hapo hupambana na migongo ya vilima iliyolala sambamba na ufuko, tangu Kiziba hadi Ihangiro. Hewa hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, ikipoa huangusha maji yake. Ndiyo sababu Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hali Musoma, iliyo ng'ambo ya ziwa lile lile, haifikishi hata nusu ya kiasi hicho.

Hewa iliyokwisha tua mzigo wake huvuka migongo ikateremka upande wa pili, na katika kuteremka hupata joto na kukauka. Nchi iliyo nyuma ya vilima hukaa katika kivuli cha mvua. Mwanafunzi amekwisha soma habari hizi katika mlima Kilimanjaro, ambako Machame na Kibosho, upande wa kusini, hunyeshewa kwa wingi, na upande wa kaskazini ukabaki mkavu. Lakini tusivisifu vilima vyetu kupita kiasi. Ni vifupi, na bila ziwa visingekuwa na cha kukamua. Umbali kutoka majini nao una sehemu yake. Hata hivyo, msafiri aendaye Karagwe huiona mvua ikipungua njiani, na katika mabonde ya huko haifiki milimita 1,000 kwa mwaka.

Historia iliufuata mpaka huo. John Hanning Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 na kupokewa na Mfalme Rumanyika, alilikuta baraza ambalo utukufu wake ulikuwa ng'ombe. Upande wa ziwani utukufu ulikuwa kibanja: migomba na mibuni iliyoizunguka nyumba. Buni zilichemshwa, zikakaushwa, zikatafunwa na kutolewa kwa mgeni. Waliochanjiana udugu walikula punje mbili za tunda moja.

Je, ni mvua iliyokistawisha kibanja? Hapa ndipo wengi wetu hukosea, na sisi wenyewe tulikosea. Tulipokuwa vijana katika utumishi wa serikali tulipewa kazi ya kuandika habari za ardhi ya vijiji fulani, nasi tukaandika kwamba rweya, yaani nyika ya majani baina ya vijiji, ni ardhi isiyotumika. Jioni tukamsimulia bibi mmoja aliyetukaribisha chakula. Alicheka, akasema: "Mwanangu, hizo nyasi unazoziona za bure ndizo ulizokula sasa hivi."

Maana yake tuliielewa baadaye. Mvua nyingi kiasi hiki ni mgeni anayeondoka na vyombo vya mwenyeji. Huzamisha rutuba chini, mbali na mizizi, hasa katika udongo uliotokana na mawe ya mchanga kama huu wetu. Itazame rweya: hupata mvua ile ile iangukayo kibanjani, na bado majani yake ni haba na udongo wake dhaifu. Kibanja kiliumbwa kwa mikono. Ng'ombe walilishwa rwenyani, samadi yao ikarudishwa migombani. Wanawake walikata nyasi, wakazibeba kichwani, wakazitandaza shinani ili matone yasiuchimbue udongo. Humo humo rwenyani walilima njugumawe, kisha wakaiacha ardhi ipumzike. Vizazi kwa vizazi rutuba ya nyika iliyo pana ilikusanywa katika shamba dogo.

Kwa hiyo sotoka ya miaka ya 1890 ilipowaua ng'ombe, msiba haukuishia zizini. Mvua haikupungua, lakini kilichorudisha ilichochukua kilitoweka, na wenye ng'ombe wachache waliobaki wakawa na nguvu juu ya jirani asiye na samadi.

Siku hizi misonobari na mikaratusi imepandwa juu ya migongo mingi iliyokuwa rweya, na nyumba nyingi hazina hata ng'ombe mmoja. Wako wanaonunua nyasi kwa mzigo. Wasioweza kununua huacha shina la mgomba wazi, na asubuhi, wingu likisha kupita, maji mekundu huteremka mferejini kurudi ziwani.