Sindano ya Pili na Tarehe Yake

Natumaini mmekwisha kaa vizuri, na mwalimu wenu amekwisha andika tarehe ya leo ubaoni. Tafadhali asiifute. Somo letu la leo ni historia, lakini ni historia ya tarehe.

Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikaa katika vikundi kando ya redio, kama mkaavyo leo, wakasikiliza masomo ya Mtu ni Afya. Basi twafuata njia waliyoilima wazee wetu.

Tuanze na neno lenyewe. Chanjo latoka katika kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo. Wazee wa Usukuma wajua sana chale za dawa. Chanjo ya ndui nayo ilitiwa kwa kuijeruhi ngozi kidogo, na kovu lake laonekana hata leo mkononi mwa wazee wengi. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alifanya kazi kati ya waganga, lakini aliiogopa chanjo kwa kuwa aliona inauma. Kwa bahati alipona. Baadaye maishani aliwasihi wazazi wawachanje watoto wao kwa ajili ya polio. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ndui imekwisha duniani.

Na ninyi wafugaji, mwaijua sotoka kwa jina. Katika miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki. Chanjo iliyosaidia kuimaliza ilitengenezwa Muguga, nchini Kenya, karibu na mwaka 1960, na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa sotoka haiko tena.

Sasa tuje kwenye ugonjwa tulioushuhudia sote, korona. Mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Chanjo zilipoanza kutolewa katika nchi nyingine, watu wetu walikuwa na mashaka. Tarehe 27 Januari 2021, huko Chato, Rais Magufuli naye alisema wazi kwamba hakuziamini. Alifariki tarehe 17 Machi mwaka huohuo. Rais Samia Suluhu Hassan aliposhika madaraka, aliunda kamati ya wataalamu kulichunguza jambo hilo. Tarehe 24 Julai 2021 ziliwasili dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen, na tarehe 28 Julai Rais alichanjwa hadharani mjini Dar es Salaam. Hata hivyo mashaka hayakwisha kwa siku moja. Ilibidi waganga wawafuate watu minadani, makanisani, misikitini na majumbani.

Chanjo ya Janssen ilikuwa ya sindano moja. Baadaye zikaja nyingine, kama Sinopharm na Pfizer, zilizohitaji sindano mbili. Hapo ndipo wengi walipouliza: “Ikiwa ya kwanza ni dawa, ya pili ya nini? Na kwa nini nisichome zote mbili leo, nikaenda zangu shambani?”

Ni swali zuri. Jibu lake walijua, maana mna sungusungu. Mwano ukipigwa mara ya kwanza, vijana hutoka, lakini wengine huchelewa, wengine hawajui njia. Wakirudi nyumbani hukaa, huzungumza, hujipanga. Mwano wa pili ukilia, hutoka upesi na kwa nguvu. Mwili nao una askari wake. Sindano ya kwanza huwaonyesha sura ya adui. Kisha wahitaji siku za kujipanga. Ukipiga mwano wa pili kabla hawajajipanga, hawatapata nguvu kamili. Ukikawia mno, wakaa muda mrefu na ulinzi wa nusu tu, na adui hangoji.

Kwa hiyo kila chanjo ilipewa muda wake. Kwa Sinopharm, Shirika la Afya Duniani lilishauri wiki tatu hadi nne. Tuhesabu pamoja: aliyechanjwa tarehe 4 Novemba, baada ya wiki nne, yaani siku 28, alirudi tarehe 2 Desemba. Aliyechanjwa siku ya mnada alirudi siku ya mnada vilevile, maana wiki nne hazibadili jina la siku.

Lakini muda huo haukuwa sawa kila mahali. Uingereza, tarehe 30 Desemba 2020, iliamua kuisogeza sindano ya pili hadi wiki 12, ili watu wengi zaidi wapate kwanza ile ya kwanza. Kenya ilipokea AstraZeneca tarehe 3 Machi 2021, ikapanga wiki 8. Dozi hizo zilitengenezwa India, na India, ilipozidiwa na ugonjwa, ilizuia kuziuza nje. Kenya ikalazimika kungoja hadi wiki 12. Watu wakaingiwa na hofu. Kumbe wachunguzi walikuwa wamekwisha ona kwamba AstraZeneca hukinga vizuri zaidi sindano mbili zikiachana kwa wiki 12 kuliko zikiachana kwa muda usiofika wiki 6. Kuchelewa hakukuharibu ile ya kwanza. Aliyechelewa alishauriwa aipate ya pili mara iwezekanapo, bila kuanza upya.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha. Je, somo nalo limekwisha? Hasha! Tazama kadi ya kliniki ya mtoto wako. Chanjo ya kumkinga na dondakoo, kifaduro na pepopunda hutolewa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Ya surua hutolewa miezi 9, na tena miezi 18. Hii ya miezi 18 ndiyo isahauliwayo upesi. Mtoto anatembea, anacheka, ana afya. Mama yuko kwenye pamba, baba yuko na ng'ombe. Kadi imelala sandukuni, na surua haijui kwamba mlikuwa na kazi.

Zamani ulimwuliza mwingine akusomee kadi. Leo waweza kuisoma mwenyewe. Basi ukifika nyumbani, itoe, tafuta tarehe ya kurudi, uilinganishe na ile iliyoko ubaoni. Ikiwa imepita, usione haya, wala usiseme umekwisha chelewa. Mpeleke mtoto.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Kwa nini sindano mbili hazichomwi siku moja?
2. Mtu aliyechanjwa tarehe 10 Juni arudi tarehe gani baada ya wiki nne?
3. Ni kazi gani za msimu zinazotusahaulisha tarehe za kliniki, na majirani wawezaje kukumbushana?

Kwaherini, ndugu zangu, na msomo mwema.